Jumatatu Hatupokei Simu ya Marekani

...kwa hiyo mpira, ule wa Kimarekani wa kudakwa kwa mikono, umebaki hewani, dhiraa moja kutoka kwenye vidole vya yule mchezaji wa Denver, kwa sababu Khattab amesimamisha picha na rimoti ameikalia, anataka kwanza yaishe ya Dallas, timu yake, iliyofungwa tena jana, na Harub anautazama ule mpira na maneno yanamfikia nusu nusu, waamuzi, yadi tatu, wametuonea wallahi, na Marhoon anacheka na kikombe cha kahawa mkononi, "Kila wiki mnaonewa nyinyi, sheikh, hebu siku moja fungweni tu kama watu wengine," na Yazid anasema hii nyumba yake, na katika majlis yake mtu halii mpaka tende ziishe, na Harub anacheka pia, lakini amechelewa, wenzake wameshanyamaza, na macho yake yamekwenda pale alipoyakataza kwenda, kwenye lile bakuli la udongo juu ya kabati, la halwa, halwa iliisha tangu Idi na sasa bakuli ni la simu, simu zao wote zimelazwa humo kifudifudi, maana mechi kubwa ya wiki huchezwa huko Marekani watu wa Maskati wamelala, nao huitazama Jumatatu baada ya maghrib, iliyorekodiwa, na mpaka iishe hakuna ruhusa ya kujua nani ameshinda. Mechi nyingine sawa, jueni, bishaneni. Hii haramu. Na kanuni hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe ni Ghaith, mdogo wake Harub, aliyemfuata kaka yake kusoma Denver, kaka akarudi, yeye akabaki, na kila Jumatatu alfajiri akawa anapiga simu kutoka huko, bila salamu, bila hujambo, anataja pointi za hawa na pointi za wale halafu anacheka mpaka anakohoa, na Harub anamtukana, na jioni nzima inaharibika, mpaka siku moja Yazid akasimama hapo hapo penye zulia akatangaza, "Jumatatu hatupokei simu ya Marekani, hata akipiga rais wao!" Walicheka sana siku ile. Ghaith alipoambiwa alicheka kuliko wote... "Yule mrushaji wenu wa Denver," Khattab anamwambia Marhoon, "mlete Dallas wiki moja tu, moja, uone kama hajaanza kulia," na Marhoon anasema aje Dallas afanye nini, azike? Azike. Baba alizikwa msimu kama huu, mwaka jana, na Ghaith hakuja, karatasi zake za ukaazi zilikuwa hazijatoka, akiondoka hawezi kurudi tena, alieleza, akaeleza tena, na Harub amesimama uani wageni wa tanga wamejaa mpaka mlangoni, akamwambia basi usije, akakata, na tangu siku ile hakuna aliyempigia mwenzake, habari zinapita kwa mama, "Ghaith anakusalimu," na mama hasemi kama Ghaith amesalimu kweli au ni yeye anayemsalimisha. Mwaka mzima. Halafu leo. Leo alfajiri Harub anarudi kutoka msikitini na Balqis, mkewe, amesimama mlango wa jikoni, simu ameitanguliza mbele, inalia, "Ghaith huyo," sauti ameishusha, uso umemfunguka kama siku ya harusi, na yeye Harub akasema nini? Akasema, "Iache, leo Jumatatu." Jumatatu! Mdomo ulisema wenyewe, wallahi, kwa mazoea, na Balqis aliiweka simu mezani akarudi kupasha mkate, na simu ikalia mpaka ikachoka, ikalia tena, na yeye anatafuta kofia na kofia ameishika mkononi, na njia yote ya pwani kwenda ofisini redio ameizima asije akasikia matokeo, redio gani ya Oman itataja Denver, na mchana kutwa anajiambia atapiga jioni, mechi ikisha, akipiga sasa Ghaith atamwambia nani ameshinda. Hiyo ndiyo sababu? Hiyo kweli ndiyo sababu? "Harub, sema wewe," Khattab anamgeukia, "wewe mtu wa haki, Dallas walionewa au hawakuonewa?" na Harub anasema walionewa, na Marhoon anapiga paja, "Mmemsikia? Huyu mgonjwa huyu!" Ghaith amepigia nini leo? Mama hajambo, amempitia mchana, alikuwa anachambua mchele na kuuliza huo mpira wenu wa mikono unaisha mwezi gani, kwa hiyo si habari ya hapa, na kama ni habari ya kule, kama Ghaith ana shida, au mkewe, angempigia nani mwingine... au hana shida yoyote. Au amepiga kutaja pointi. Tangu mtoto Ghaith hajui kuomba radhi, akikuvunjia kitu chako anakuja kesho kukuchokoza, akuvute kofia akimbie, na ukimkimbiza yamekwisha, usipomkimbiza anakaa ngazini peke yake mpaka usiku. Amekuja kuvuta kofia. Baada ya mwaka, alfajiri, amekuja, na kaka yake amesema leo Jumatatu... na bakuli linatetemeka. Simu moja inanguruma kwenye udongo, wote wanageuka, Harub wa kwanza, lakini Yazid anachungulia, "Yako, Khattab, kiwandani kwako Rusayl," na Marhoon anasema wanauliza Dallas wamefungwa kwa ngapi, na Khattab anasema waache walie, na anainuka kidogo kuitoa rimoti, "Haya, twende," na Harub anasikia sauti yake, "Ngoja." Amesimama. Mkono umo kwenye bakuli. "Wee! Kanuni!" anapiga kelele Khattab. "Nnampigia Ghaith," anasema Harub, na Khattab anakaa tena, maana wote watatu walikuwa tangani, wote wanajua mara ya mwisho ilikuwa lini. Marhoon anatazama kikombe chake. "Atakutajia, bwana," anasema, lakini kwa upole. "Na anitajie." Yazid anamnyang'anya Khattab rimoti bila kumtazama, na Harub ameweka simu sikioni, huko sasa ni asubuhi, inalia, mara moja, mara mbili, na kwenye kioo yule wa Denver bado amenyoosha mikono na mpira haujamfikia, na aseme tu, nani ameshinda, kwa pointi ngapi, asibakishe kitu, acheke mpaka akohoe, inalia, Ghaith, taja, mimi nakukimbiza, inalia...