Ulanzi wa Odilo

Nyuma ya nyumba, mianzi ilikuwa ikidondosha ulanzi, utomvu unaochacha kuwa pombe, ndani ya mbeta, vile vikombe vya mwanzi alivyovifunga Odilo mwenyewe kabla ugonjwa haujamlaza kitandani. Sasa aliusikiliza tu, macho yamekuwa manjano, mbavu nje. Hospitali ilikwishasema: saratani ya kongosho, mrudisheni nyumbani.

Mkewe, Emerensiana, hakukubali. Biashara huria ilikuwa imeruhusiwa na Makambako kulipatikana kila kitu, hata dawa za Kichina. Miraji, mwenye duka karibu na stesheni, alimletea kutoka kwa Mchina mmoja wa Dar es Salaam vifurushi vya mizizi na magome makavu.

"Mchina anasema ndani ya mizizi hii mna kitu kinachokula uvimbe," alimwambia. "Chemsha, anywe asubuhi na jioni. Na pombe, mama, asiguse hata tone."

Basi nyumba nzima ikanuka dawa. Odilo alikunywa, akatapika, akanywa tena.

"Mama Oliva," alisema asubuhi moja, "nionjeshe ulanzi kidogo. Huu wa asubuhi ni mtamu tu, haujawa pombe."

"Utaiharibu dawa, Baba Oliva. Ukipona utakunywa mpaka usahau njia ya nyumbani."

Alicheka kidogo, akageukia ukutani. Aliomba tena kesho yake, na kesho kutwa, kisha akaacha kuomba. Emerensiana akajiona ameshinda. Odilo alifariki Jumapili ya Matawi, uchungu wa mizizi ukiwa bado midomoni.

Matanga yalipokwisha, mjane alipanda basi kwenda Makambako kurudisha vifurushi vilivyobaki, huenda vikamfaa mgonjwa mwingine. Miraji alimpa pole ya kweli.

"Masharti niliyashika, kaka," Emerensiana alisema. "Pombe hakuigusa. Niulizie kwa Mchina, tulikosea wapi?"

Miraji aliinamisha macho. "Mchina hakutaja pombe, mama. Hilo niliongeza mimi. Kwetu ni haramu, sikudhani kuna dawa inayopatana nayo."

Emerensiana angemtukana, roho yake ingepoa. Lakini mtu huyu alikuwa amemtakia mema, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Aliviacha vifurushi mezani, akaondoka bila kuaga.

Jioni alikuta mbeta imejaa mlangoni; Kornelio, jirani yao, alikuwa bado akiigema mianzi ya marehemu. Emerensiana aliiingiza chumbani, akaiweka kwenye kigoda, upande wa kitanda aliolalia Odilo. Povu lilipanda, likatulia. Hakuinywa, wala hakuimwaga.