Tonge la Saba Mara Nane

Mwalimu Tewabech alirudi kutoka semina ya Bahir Dar na nadharia moja tu kichwani: mtoto akipata jibu, mtuze papo hapo, naye atapenda kujifunza. Basi kila asubuhi akawa anaingia darasa la nne na sinia la injera, ile mikate mipana laini, na shiro, mchuzi mzito wa dengu. Ukipata jibu, mwalimu anakulisha tonge kwa mkono wake. Ila wenye semina hawakukumbuka kwamba hapa kwetu Debre Birhan humlishi mtu tonge moja ukaishia hapo. Huo ni uchoyo, utasemwa mpaka kanisani. Ni matatu! Kwa hiyo kila kipindi kiliisha na watoto watano walioshiba, na thelathini wakimeza mate.

Siku ya ukaguzi akaja mkaguzi mwenyewe, Ato Gessesse, yaani Bwana Gessesse, mtu aliyenuna tangu kuzaliwa. Mkuu wa shule alishasema waziwazi, tena huku anatabasamu: mkaguzi asiporidhika, darasa linarudi kwa yule mwalimu wa fimbo, na Tewabech anakwenda stoo kutunza chaki. Usiku kucha hakulala, maskini.

"Hiki nini?" mkaguzi akauliza, pua juu ya sinia.

"Nadharia, bwana mkaguzi."

"Nadharia ina pilipili? Hebu iondoe mbele yao."

Tewabech akaliweka nyuma, kwenye dawati ambako mkaguzi alikwenda kubanana na Mantegbosh, binti ambaye hajawahi kujibu swali hata moja.

"Haya wanangu, saba mara nane?" mwalimu akauliza.

Shingo zote zimegeukia sinia.

"Mwalimu," akasema Kassa, "kwani leo tunajibu bure?"

Tewabech alitamani ardhi immeze.

"Hamsini na sita!" mkaguzi akafoka. "Watoto wakubwa hivi, hata..."

Hakumaliza. Mantegbosh alikuwa ameshakunja tonge, akamsukumia kinywani. Angefanya nini? Akatae tonge la mtoto mbele za watu? La pili likafuata, na la tatu, shiro ikichuruzika kwenye masharubu.

"Amepata!" darasa likashangilia.

Kassa akasimama. "Babu, tisa mara sita?"

"Hamsini na nne," mkaguzi akajibu, bado anatafuna.

"Mimi namlisha!" "Toka, zamu yangu!" Mikono thelathini na mitano ikapaa.

"Kumi na mbili mara saba?" akauliza Mantegbosh, kwa sauti ambayo Tewabech hakuijua.

"Themanini... na mbili."

"Wapi! Themanini na nne!" Darasa zima, kwa pamoja. "Hapewi!"

Mkaguzi akafunga kinywa alichokwisha kukifungua. Tewabech alibaki ameshika chaki, hajui acheke au alie. Hakuna aliyekuwa anatazama sinia tena. Kila mtoto alikuwa anahesabu kwa vidole chini ya dawati, atafute swali la kumnasa mzee. Wiki tatu nzima, mjinga mimi, akajisemea, nimekuwa nalisha wasiohusika, kumbe raha ni ya anayeuliza!

"Niulizeni nyingine," akanung'unika Ato Gessesse. "Hiyo mlinivizia."

Wakamuuliza mpaka kengele ikalia na sinia likabaki jeupe. Akajifuta masharubu, akaandika, akaacha karatasi mezani ikiwa na alama tatu za vidole vya shiro. Tewabech akaisoma:

"Mwalimu abaki na darasa lake. Mkaguzi bado dhaifu kwenye kumi na mbili. Atarudi kesho, saa ile ile."