Picha ya Mama Mwalimu

Watu wa uwanja wa posta walimwita Mama Picha. Miaka kumi na tisa alipiga picha pale bila mtu kumkataza. Jumatatu akampiga picha mama mgonjwa aliyekuwa ametoka hospitali, amekaa kwenye kiti cha magurudumu, mwanawe mwalimu kando yake. Kabla hajazisafisha picha hizo, mlinzi wa benki akaja mbio, akampokonya kamera na kuipeleka polisi. Alidai kuwa nyuma ya mgonjwa lilionekana lango la benki, nalo ni marufuku kupigwa picha.

Alhamisi mwalimu akaja, macho mekundu.

"Dada, mama ametutoka. Tunazika kesho. Sina picha yake nyingine."

Mama Picha akaenda kituoni.

"Afande, ule ni uwanja wa watu wote. Sheria gani inanikataza?"

Afande akapekua kitabu, akalowesha kidole, akapekua tena.

"Sheria ipo."

"Basi nisomee."

"Unanifundisha kazi? Zifutwe zote, uchukue kamera yako. Hutaki, ngoja mkubwa arudi wiki ijayo."

"Wiki ijayo huyo mama wa pichani atakuwa kaburini!" Akapiga magoti. "Niweke ndani mimi, kaka yangu. Kadi ya kamera mpe mwanawe, yule mwalimu."

Akaiwasha kamera iliyokuwa juu ya meza, akamwonyesha. "Mtazame. Marehemu ndiye huyu. Lango lenyewe dogo kama ukucha, lifunike kwa kidole."

Afande alitazama kwa muda mrefu. Kisha akabonyeza kufuta mwenyewe, picha moja baada ya nyingine, mpaka kioo kikawa cheusi.

"Mimi natumwa tu, mama. Nami nina watoto."

Mama Picha akachukua kamera yake. Alikimbilia kwa fundi wa kompyuta, kwani alishasikia kwamba kilichofutwa huweza kurudishwa. Fundi akahangaika hadi alasiri. Lango la benki lilirudi zima, hata makufuli yake yakihesabika. Picha ya mama ilirudi nusu: kuanzia shingoni kwenda juu ni mistari ya kijivu.

"Jaribu tena, mwanangu."

"Nimejaribu mara sita, mama. Uso umekwenda."

Akaisafisha hivyo hivyo, akaipeleka msibani mwenyewe. Njia nzima alitafuta maneno, asiyapate. Mwalimu akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza kwenye mwanga.

"Yuko wapi?" aliuliza.

Mama Picha akaketi chini, kwenye sakafu, akajifunika uso kwa kanga.