Goti la Pili

Torunn Eikemo alikuwa amechoka kuambiwa pole. Pole ya duka la samaki, pole ya mlangoni pa kanisa, pole ya jirani anayezoa theluji kwa koleo huku akimkagua mguu kama anakagua ng'ombe wa mnada. Pole zote hizo, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo siku ile mjomba wake alipomrudisha uwanjani akichechemea. Walipiga makofi. Mji mzima wa Skarvnes ulipiga makofi, na muda si muda kano ya ndani ya goti ikakatika, akaanguka mbele ya goli bila hata kuguswa na mtu.

Sasa alikuwa na kano mpya, imetolewa pajani mwake mwenyewe ikapandikizwa gotini. Kila asubuhi mtaalamu wa viungo, mama wa makamo asiyejua kucheka, alimpandisha na kumteremsha kwenye kisanduku cha mbao ambacho mtoto angekiruka. Yeye aliyekuwa akipaa juu ya mabeki watatu na kuachia kombora kabla kipa hajapepesa macho, leo kisanduku kinamtoa jasho! Ngazi alishuka moja moja, ameshikilia ukuta. Alilia, ndiyo, lakini alilia kwa hasira.

Na wala hakuachwa apumzike. Kwenye klabu za mpira wa mikono za kwetu hakuna anayekwepa msaragambo, kazi ya kujitolea. Kama huchezi, utapika kahawa. Kama hupiki, utapiga deki ukumbi. Alipokuwa bado kwenye magongo walimweka kwenye chuma cha kuokea keki, zile bapa zenye umbo la moyo, akauza keki huku akiwasikia wenzake wakicheza upande wa pili wa ukuta. Siku moja akaunguza sinia zima makusudi. Ndipo wakamhamishia mezani, kando ya mstari wa katikati, awe mtunza saa: asimamishe saa mwamuzi anapoamuru, na abonyeze honi timu ikikosea kubadilisha wachezaji. Mtunza saa hana timu, hata kushangilia haruhusiwi.

Nafasi yake uwanjani ilichukuliwa na Sunniva, mdogo wake wa miaka kumi na saba, mwenye mkono mzito na kichwa kigumu kuliko mwamba wa bandarini. Kocha alikuwa mjomba wao, Geirmund, kaka wa mama yao. Mama hajawahi kumpinga kaka yake tangu utotoni, na hakuwa na mpango wa kuanza uzeeni.

Siku ya mechi ya mwisho, ambayo Skarvnes wakishindwa wanashuka daraja, Torunn alikuwa jikoni akinyoosha mguu wakati Sunniva alipokuwa akiteremka ngazi na kapu la nguo chafu. Katikati ya ngazi goti la kushoto likamtoka. Hakuteleza. Goti liliyumba upande kama mlango uliolegea bawaba, akadaka ukuta, nguo zikamwagika zote. Torunn aliijua hali ile. Ilimpata yeye mwenyewe, ngazi hizo hizo, siku chache kabla hajaumia, na aliyemdaka asianguke alikuwa huyu huyu Sunniva.

"Limeanza lini?" aliuliza.

"Halijaanza kitu. Nimeteleza tu."

"Suni, usinichezee mimi."

Sunniva akaokota soksi moja moja bila kuinua uso, kisha akakiri kwamba ni tangu mazoezi ya katikati ya wiki. Akamsihi asimwambie mjomba. Mechi ni moja tu, alisema, halafu atapumzika mpaka achoke. Torunn hakuahidi kitu. Alivaa koti lake, akatoka, akauburuza mguu wake kwenye barafu hadi ukumbini.

Geirmund alimsikiliza vizuri sana. Ni mtu wa kumpaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa, huyo. Aliitikia kwa kichwa, akashukuru, akasema atalitazama goti la mtoto. Na kweli, wachezaji walipofika alilitazama. Akalibonyeza kwa kidole, akalizungushia plasta, akatangaza kuwa ni msuli umekaza. Kisha akamfuata Torunn mezani na kumwekea mkono begani.

"Najua inauma kukaa hapa, mwanangu," alisema. "Lakini wivu hautakuponya."

Wivu! Lingekuwa goti lake Geirmund, angekuwa kitandani tangu juzi akiagiza supu. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Torunn alitaka kumjibu, lakini waamuzi walikuwa wameshafika mezani kukagua saa, na mtunza saa hana maneno. Sunniva naye akapita, mikono imejaa gundi ya kushikia mpira, akasema kwa sauti ya chini, "Msaliti," akaendelea na safari yake.

Mechi ilikuwa ya kukabana koo. Sunniva alifunga, akafunga tena, na kila alipotua Torunn alijikuta amekunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Ukumbi ulijaa watu hadi juu ya vyuma vya mazoezi vya ukutani. Ikabaki chini ya dakika moja, Skarvnes wako nyuma kwa bao moja, mpira ni wao. Sunniva akaruka kutafuta upenyo, hakuupata, akatua kwa mguu wa kushoto. Goti likamtoka. Akaurusha mpira kwa mwenzake na kuinama chini, akijifanya anafunga kamba za kiatu. Kamba zilikuwa zimefungwa vizuri tu.

Torunn aliona. Akageuka kumtazama mjomba wake, na mjomba naye alikuwa ameona. Hilo lilikuwa wazi usoni kwake. Geirmund akatazama saa ukutani. Kisha akainua mkono na kuwaonyesha wachezaji: mpira umrudie Sunniva.

Kuna sheria kila mchezaji anaijua. Mtu wa huduma ya kwanza akishaingia uwanjani kumtibu mchezaji, mchezaji huyo anatoka, na harudi mpaka timu yake imalize mashambulizi matatu. Kwa muda uliobaki, shambulizi lilikuwa moja, hilo hilo. Torunn alijua atakachokivunja. Alijua timu itashuka, na alijua neno ambalo mji mzima utamwita mpaka azikwe. Hasira hasara, wanasema. Na unyonge je, wenyewe una faida gani?

Akabonyeza honi.

Wachezaji wakasimama pale walipo. Waamuzi wakaja mezani wakikimbia, wakitaka kujua nani kakosea.

"Namba tisa ameumia goti," Torunn alisema. "Mwiteni mtu wa huduma ya kwanza."

"Muongo huyo," Sunniva alisema. "Mimi mzima."

Mwamuzi mkubwa alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Akamwambia Sunniva asimame kwa mguu wa kushoto peke yake. Sunniva akainua mguu wa kulia, akayumba, akaudaka mkono wa mwamuzi. Basi, yakaisha. Mwamuzi akapunga, mtu wa huduma ya kwanza akaingia na begi lake, na Sunniva akatolewa nje akiwa ameshikwa kwapani.

Geirmund alikuja mezani, uso umemuiva. "Unajua ulichofanya?"

"Nimefanya kazi yako," Torunn alimwambia. "Sasa rudi kwenye benchi lako, saa inaanza."

Mpira wa mwisho uligonga mwamba wa goli. Skarvnes wakashuka daraja. Watu wa kwetu hawazomei; walikunja mabango yao, wakavaa makoti, wakapita mbele ya meza wakitazama sakafu. Mama yake alipita nao. Jioni ile hakuna hata mmoja aliyemwambia Torunn pole.

Alimkuta Sunniva chumba cha kubadilishia nguo, peke yake, mfuko wa barafu juu ya goti. Wenzake walikuwa wamekwenda kuoga bila kumsubiri. Hakuinua kichwa.

"Mimi nilikutunzia," Sunniva alisema. Sauti ilikuwa imemkauka kwa hasira. "Goti lako lilipokutoka pale ngazini uliniomba ninyamaze, nikanyamaza. Sikumwambia mjomba, sikumwambia mama. Ningekufa nalo. Na wewe? Hata siku moja umeshindwa."

Torunn akajishusha taratibu kwenye benchi, mguu umetangulia mbele. Akavuta suruali juu mpaka kovu lote likaonekana, refu, bado jekundu, akalisogeza kando ya ule mfuko wa barafu.

"Ni kweli ulinitunzia," alisema. "Litazame."