Daftari la Alhamisi

Nilipolichoma daftari la baba nilitawadha kwanza. Nataka hilo lijulikane, maana wapo wanaosema nililichoma kwa hasira, na mwenye hasira hakumbuki udhu. Nilifuata adabu zote. Karatasi yenye jina la Mungu haitupwi jalalani. Huchomwa mahali safi na majivu hufukiwa. Nilichimba kishimo nyuma ya nyumba yetu hapa Gikondo, nikawasha kiberiti, nikafukia. Kisha nikaingia ndani kunywa chai, nimeridhika kama mtu aliyemng'oa mzazi wake jino bovu.

Ilikuwa miaka miwili tu tangu nirudi kutoka masomoni ng'ambo. Nilirudi na shahada ya sharia, ndevu za kutosha, na imani kwamba Kigali nzima ilikuwa ikinisubiri mimi. Nikapewa msikiti mdogo kule Kabuga. Na kila Alhamisi baada ya alasiri, wakati mimi nawaonya watu wa Kabuga juu ya bidaa, mambo yaliyozushwa katika dini, baba yangu mzazi, Mzee Hamduni, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa uani kwake amekaa na wazee wenzake wa tarika ya Kisufi, wanaleta zikri kwa dufu.

Watu hawakosi la kusema. "Ustadhi Cyusa anazima moto Kabuga, kwao kunawaka." Iliniuma, kwa sababu ilikuwa kweli.

Hoja zangu sizifuti. Mpaka leo naamini anayeombwa ni Mungu peke yake, na kwamba kumwita sheikh aliyekufa karne nyingi zilizopita akuletee msaada ni kuichezea shirki. Walimu wangu walinifundisha hivyo kwa dalili. Wapo wanazuoni wengine wanaosema sufi humwita sheikh wake kwa mapenzi tu, na kwamba zikri ni kumkumbuka Mungu, iwe kwa dufu au bila dufu. Nao nimewasoma. Kosa langu halikuwa huko. Nilikuwa nimesoma vitabu vyote isipokuwa kile cha baba.

Lilikuwa daftari la shule, jalada la buluu limepauka, limeandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa mkono wa mtu aliyezoea nyundo. Kila zikri ilipokwisha baba alilifungua. Dufu likapigwa polepole, wenzake wakivuma kooni, naye akasoma kwa kunong'ona, midomo tu ikicheza. Mwisho wote wakaitika amina. Utotoni niliamini ni majina ya mawalii. Hakuna aliyeniambia vinginevyo, na mimi sikuuliza.

Baba alipopata kiharusi, mkono wa kulia ukawa unatetemeka na maneno yakawa yanampotea. Nikaona huo ndio wakati. "Baba, unaniaibisha," nikamwambia. Sikuzunguka.

"Kama ni aibu, mwanangu, basi tutapumzika."

Alhamisi iliyofuata niliwarudisha wazee mlangoni. Mama Mukandekezi, aliyekuwa akiongoza viitikio, alikunja mkeka wake akaondoka bila kuniaga. Dufu nikalipandisha darini. Daftari nikalifungua ukurasa wa kwanza, nikakutana na kasida ya kumwita sheikh wa tarika, msaada wako ewe fulani, msaada wako. Ukurasa mmoja ulinitosha. Nikaenda kutawadha.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu hakusubiri hata nizae watoto. Miezi mitatu baadaye alipiga hodi getini.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, bado amevaa fulana ya kazi ya kiwanda kimoja cha Masoro. Alijitaja kuwa Kaliza. Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa mara nyingi.

"Mutanisamehe," alisema. "Iko hapa muzee mwenye alikuwa anasudira milango? Muislamu?"

Fundi wa kuchomelea alikuwa baba; nikamwingiza uani alipokaa. Karatasi ilitoka kwenye kituo cha yatima alikolelewa. Alimsomea baba polepole: mtoto wa kike, kama miezi minane, ameletwa na fundi Muislamu wa Gikondo, mwezi wa tano, mwaka tisini na nne. Jina la mama, mstari mtupu. Jina la baba, mstari mtupu.

"Kaliza ni bo, wale wa kituo, walinipa," alisema. "Lile la kwetu sirijui."

Baba alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Ni mimi," akasema. "Nilikufunga ndani ya ovaroli, tumboni hapa. Ulilala njia nzima."

Kaliza akakaa chini, hakutafuta hata kiti.

"Mama yako nilimzika mimi," baba aliendelea. "Nyuma ya gereji, pamoja na wengine. Baadaye walihamishiwa kwenye ukumbusho wa mauaji ya kimbari, lakini walikwenda bila majina, maana kwao hakubaki mtu wa kuwaandikisha. Nyumba zao zilizimika. Mimi niliandika. Mama yako alinitajia jina lake kabla hajakata roho, na lako, akaniambia nisisahau. Niko nayo majina mia na sita, na kila Alhamisi nawataja." Akanigeukia uso umechangamka, kama wa mtu anayekaribisha mgeni chakula. "Cyusa, lete ile kaye, daftari langu."

Juma lile lile, Jumanne, nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wangu kanuni ya wanazuoni: kukihukumu kitu ni tawi la kukielewa. Niliwakaririsha mara tatu, kwa sauti moja.

"Nimeichoma, baba."

"Umeichoma?"

"Niliona ndani kuna kumwomba asiyekuwa Mungu."

"Uliisoma mpaka mwisho?"

"La."

Hakupandisha sauti. Angenitukana ningepata pa kushika. Kaliza alitutazama kwa zamu, hajaelewa, na ikabidi mimi mwenyewe nimweleze kwamba jina la mama yake lilikuwemo katika nyumba hii mpaka mwezi wa Shaabani, na kwamba aliyeliondoa ni mimi. Alisema tu, "Yego," ndiyo yetu ya Kinyarwanda, sauti ndogo, kama mtu aliyeambiwa ofisi imefungwa.

Baba alijaribu. Alifumba macho, akataja majina mawili, akakwama. "Hayaji hivi," akasema. "Yamekaa ndani ya dufu."

Nikapanda darini, nikalishusha, nikalipangusa vumbi kwa kanzu yangu. Nikaenda kumwita Mama Mukandekezi. Aliliona kwapani mwangu. "Leo ustadhi ndiye anabeba dufu?" akasema, na kabla sijajibu alikuwa ameshachukua mkeka. Alikuja na wazee wengine wawili. Mpigaji wao alikuwa amefariki, na mkono wa baba ulitetemeka.

"Piga wewe," baba akaniambia.

Nikapiga. Wakavuma. Na kwa mara ya kwanza baba aliyasema majina kwa sauti. Gratien. Pudentienne wa Gratien. Aimable, miaka sita. Nyiransabimana, bibi wa Aimable. Niliyasikia yakitoka moja moja, ya majirani, ya Wakristo, na mikono yangu ikawa inapiga kitu nilichokikataza.

Alifika sitini na matatu akasimama. Akaanza upya, akasimama pale pale. Mara ya tatu vilevile. "Nyumba ya mlango wa bati," alisema. "Mama mwenye mtoto. Mama mwenye mtoto..." Kaliza alikuwa amemwinamia, mdomo wazi kidogo, kama anayetaka kumsaidia. Adhana ya magharibi ikaingia. Baba akalia, akamshika Kaliza mikono yote miwili. "Nisamehe, mwanangu. Aliniambia nisisahau."

Alikuwa akiomba msamaha kwa kosa langu, nami nimekaa na dufu mapajani.

Siku zilizofuata nilimuuliza kwa nini miaka yote alinong'ona. "Wengi si Waislamu," alisema. "Niliogopa wanazuoni wangenikataza. Mimi sikuwaombea maghufira, hilo si langu. Niliwataja tu mbele ya anayewajua." Jibu la kielimu nilikuwa nalo, pamoja na aya yake. Nililimeza. Aliogopa wanazuoni, na mwanazuoni alimzaa mwenyewe.

Hakumaliza wiki tatu. Kaburini wazee walimsomea talkini, wakimkumbusha maiti atakavyojibu malaika, jambo nililolipinga mimbarini mara nyingi. Watu wangu wa Kabuga walinitazama niwazuie. Niliinamisha kichwa mpaka wakamaliza.

Sasa kila Alhamisi nakaa uani kwa baba. Kasida ya kumwita sheikh siisomi, na Mama Mukandekezi hanishurutishi. Majina nayasoma. Mimi niliyehifadhi Kurani nzima, yale sitini na matatu yaliniingia kwa mara tatu alizoyarudia. Arubaini na mawili ya mwisho nimeyaulizia gereji kwa gereji, kanisa kwa kanisa. Watu wananiambia, ustadhi, waliowajua walikufa pamoja nao. Na lile la sitini na nne, la mama yake Kaliza, vilevile.

Kaliza huja moja kwa moja kutoka zamu yake. Nikifika pale baba alipokwama, yeye husema kwa sauti, "Na mama yake Kaliza." Hufanya ishara ya msalaba, huitika amina pamoja na wazee. Karatasi ya kituo huwa ameikunjua magotini, mistari yote miwili mitupu, na mkononi ameshika kalamu.