Vihisi Visivyompa Mtu Mgongo

Tuyishime alikuwa na muda hadi Ijumaa saa nne asubuhi. Mkataba wake wa ufundi ulisema wazi: vihisi kumi na vinne, kimoja kwa kila shamba la kabichi la Nyundo, vione asilimia tisini ya eneo, la sivyo arudi kwao Nengo akatafute kazi nyingine. Kazi ya vihisi ilikuwa kuhisi joto la mbuzi na kupiga king'ora kabla hajafika kwenye kabichi. Kila kimoja kilitazama upande mmoja tu, kama mtu aliyekaza shingo. Kompyuta ilikokotoa kila kimoja kielekee wapi, na Jumatatu jioni eneo lililoonekana lilifika asilimia tisini na sita. Tuyishime alifurahi mpaka akajinunulia brosheti mbili za nyama.

Jumanne asubuhi ilikuwa thelathini na nane.

Alikimbia shambani, akamkuta mama Nyiraneza, mwenye shamba la kwanza, amepanda juu ya ndoo, anakizungusha kihisi kwa mpini wa ufagio mpaka kitazame mlango wake.

"Mama, unafanya nini?"

"Hii kitu iko inanipa mugongo, mutoto yangu. Tangu jana! Mi nilikosea nini? Watu wanapita, wanaona."

Na hakuwa peke yake. Wenye mashamba wote kumi na wanne walikuwa wamekwisha kuvigeuza, kila mmoja kwake, kwa heshima ya nyumba. Vihisi vililinda milango kumi na minne kwa uaminifu mkubwa, na mbuzi wakala kabichi. Tuyishime alieleza, akachora, akabembeleza. "Bon, tumesikia," walisema, wakamkaribisha chai. Jumatano: thelathini na sita. Alikaa kwenye tuta akalia kwa hasira. Chuoni hakuna aliyemfundisha namna ya kumtuliza mtu aliyedharauliwa na chuma.

Ndipo akamkumbuka Dative. Huyu ni protokole: kwenye harusi za Gisenyi ndiye anayepanga nani akae wapi, mashangazi wasiwape wakwe mgongo, na waliogombana wasitazamane. Alhamisi alikuja na daftari. Kompyuta hakutaka hata kuiona.

"Huyu jirani Sibomana na Nyiraneza wanaelewana?" Dative aliuliza.

"Ni wakwe."

"Donc basi, kihisi ya Sibomana imutazame Nyiraneza, imusalimie. Ya Nyiraneza iende kwa Kamikazi, ni rafiki yake. Hapa kwa samadi hakuna mutu, tuache."

Alipita nyumba kwa nyumba kumweleza kila mmoja kihisi cha nani kinamsalimu, na wote wakaridhika. Ijumaa saa nne namba ilisoma tisini na nne, na hakuna ufagio uliosogea.

Bosi, Karenzi, aliyekulia Kampala, alitia sahihi ripoti palepale juu ya boneti ya gari lake. "Very good! Sasa nataka kujiona kwenye skrini." Akaingia shambani na viatu vyake vyeupe, akasimama kwenye samadi.

"Mbona sionekani?"

"Hapo tu ndipo hapaonekani, bosi. Ukisogea hatua tano..."

"Mimi nisogee? Geuza hiki!"

Tuyishime alijua kikigeuzwa kimoja, vyote vimekwenda. Alisema, "Hapana."

Karenzi akakigeuza mwenyewe. Kilikuwa cha Sibomana, na sasa kilimpa Nyiraneza mgongo mbele ya majirani wote.

Nyiraneza alishika kiuno. "Ah bon? Anataka kutazamwa? Tumutazame!"

Fagio kumi na nne ziliinuka. Punde vihisi vyote vikamwelekea Karenzi, na skrini ikamwonyesha mbele, nyuma na ubavuni, mwekundu kwa joto, mara kumi na nne. Namba ikaanguka hadi tatu. Ving'ora vyote vikalia, na kila kihisi kikaandika kwenye skrini neno lile lile: mbuzi.

Mbuzi wenyewe walikuwa wanaingia kwenye kabichi kwa upande wa pili, bila wasiwasi.

"Tuyishime! Zima hivi vitu!" Karenzi alipiga kelele.

Tuyishime aliikunja ripoti yenye sahihi, akaitia kwenye mkoba, akafunga zipu. Kisha akaokota fimbo, akaenda kuwafukuza mbuzi, polepole, kuanzia yule wa mbali zaidi.