Maji Mafu

Bi harusi alipoletwa mji ule wa mifereji, wifi yake, mwendesha boti ya abiria, alijitolea kumtembeza. Alimwonyesha mfereji wa sokoni, mboga zinaposhushwa hadi miguuni pa wauzaji, na daraja la chuma ambalo maji ya bahari yakijaa, abiria huinamisha vichwa wakipita chini yake. Aliongea kama chiriku.

Lakini kila walipofika kwenye kiwanda cha kamba, chiriku alinyamaza, akakata kona kuukwepa mfereji wa nyuma yake.

Bi harusi aliuliza kwa nini hawapiti kule. Wifi akajibu ni maji mafu, hakuna kitu. Hapohapo mashua iliyosheheni mbao ikachomoza kutoka hukohuko.

Machale yakamcheza. Jioni alimuuliza mumewe, naye akasema maji mafu, maneno yaleyale. Mama mkwe, aliyekuwa mjane, akainuka kwenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Bi harusi akajua: ana mke mwenza, na pengine watoto.

Asubuhi, wifi alipokwenda kazini, bi harusi alipiga moyo konde, akaenda kwa miguu. Ukingoni mwa mfereji ule alikuta mafundi wa mashua. Mzee mmoja, mikono imejaa lami, aliinua uso. Pua ilikuwa ya mumewe, na hata kule kuinamisha bega.

"Karibu, mkwe," alisema, kabla hajaamkiwa.

Huyu ndiye baba mkwe ambaye bi harusi aliambiwa kwamba alikufa maji. Nyuma yake mwanamke alikuwa akianika nguo. Mke mwenza alikuwepo kweli, ila si wake. Mzee alieleza bila kujitetea: alihamia kwa huyu, na mkewe aliyeachwa akaona afadhali aitwe mjane. Matanga yakawekwa, watoto wakalizwa. Kisha akauliza kama mwanawe bado analala taa ikiwaka.

"Bado," alijibu.

Wakati wa kula, mama mkwe aliona lami kwenye pindo la gauni la bi harusi. Mume akainamia sahani. Bi harusi alimtazama, akajiuliza ni mangapi mengine anayoweza kuyatamka bila kupepesa macho.

Mama mkwe alileta kitambaa chenye mafuta ya taa, akapiga magoti, akaanza kusugua pindo.

"Mzima?" aliuliza polepole.

"Mzima, mama."

Akaendelea kusugua.